Viatu vya Mzee Bona Kitandani

"Mzee Bona, kwa nini unalala na viatu?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tatu, mbele ya mke wake, Shangazi Regina, aliyekuwa akijikanda goti lililovimba kwa teke la mumewe la usiku. Mzee Bona akanitazama, akasema, "Kamsaidie mama yako kuanika dagaa."

Ndilo jibu nililopata. Tulikuwa jirani zake pale Kasingirima, mtaa wa kando ya ziwa, ukuta mmoja, kwa hiyo mambo yao tuliyajua bila kuchungulia. Jina lake Bonaventura, mzaliwa wa hapa hapa, lakini mtaani walimwita Mkimbizi. Alikuwa amevuka ziwa kwenda Uvira kuuza dagaa, vita vikamkuta huko, akarudi katika boti iliyojaa wakimbizi. Mwaloni, boti zinapotia nanga, akaandikishwa pamoja nao, akapewa blanketi na sufuria. Akalalamika kwamba nyumba yake ni ile pale, anaiona. Mwandikishaji akamjibu, "Wote mnasema hivyo, mzee. Shika sufuria."

Sufuria ile ndiyo iliyoleta balaa. Mzee Bona alikuwa akiyeyusha humo madini ya risasi kutoka betri chakavu za magari, atengeneze vizito vya kuzamisha nyavu. Zamani kazi hiyo aliifanyia ufukweni. Tangu arudi kutoka Uvira hakupenda tena kukaa mahali ambapo mtu anaweza kutokea nyuma yake, basi akaingiza jiko chumbani, akafunga na dirisha.

Mwaka haukuisha, akabadilika. Tumbo lilimsokota, mikono ikatetemeka, majina ya watu yakampotea. Mchana aligombana na jogoo wa mama, akidai anampeleleza. Jogoo mwenyewe, kwa kudonoa mabaki ya betri, alikuwa akitembea upande upande kama katoka kilabuni, kwa hiyo ugomvi wao ulikuwa wa kulingana. Na usiku, mateke.

"Teke moja tena," Shangazi Regina akasema, "narudi Simbo kwa kaka zangu. Nitalima muhogo. Muhogo haupigi mtu."

Hapo Mzee Bona aliogopa kweli. Bila Regina, alisema, hata jina lake mwenyewe angelisahau.

Jumuiya ya kanisa ikasema ana pepo, ikaja kumwombea, ikiongozwa na Pastory, mwenye sauti ya kuitia mitumbwi. Akaamuru mlango nao ufungwe kabisa, pepo asije akakimbilia kwa jirani. Jirani ni sisi, tukamshukuru. Wakajifungia humo chumbani, jiko linawaka, sufuria inatoka moshi, maana Mzee Bona alikataa kuacha kazi ya watu. Wakaimba. Walipotoka wote wameshika vichwa, wawili wanatapika, Pastory anamfokea mpiga ngoma.

"Pepo amegawanyika!" akatangaza. "Kila mtu katoka na kipande!"

Aliyecheka ni mmoja tu: nesi Joanitha, aliyehamishiwa zahanati yetu kutoka Bukoba, ambaye alikuwa amekuja kununua dagaa kwa mama. Akaingia mle chumbani, akatoka upesi, kanga puani.

"Nani anapika betri ndani?"

"Mimi," akasema Mzee Bona. "Unataka kuonja?"

Damu yake ikapelekwa kupimwa mbali. Majibu yaliporudi, nesi akaeleza kwamba moshi wa madini yale huingia kwenye damu ukapanda hadi kichwani, ukala kumbukumbu na kumfanya mtu mkali. Aache kabisa, atibiwe, na chumba kioshwe kwa maji. Mzee Bona akazunguka mtaa mzima: "Sina pepo! Nina betri!"

Akaanza kufunga mawe kwenye nyavu badala ya risasi. Polepole mikono ikatulia, majina yakarudi. Jogoo hakupona. Nesi alikataza asiliwe, akazikwa, na Mzee Bona akahudhuria.

Lakini mateke yaliendelea. Shangazi Regina akafunga furushi la kanga, akaliweka mlangoni. "Betri zimeondoka. Haya, na hivyo viatu ni vya nini?"

Mzee Bona akainuka. Akaenda zahanati kuomba dawa ya miguu. Nesi akamwambia miguu haina ugonjwa. Yaliyomkuta Uvira ndiyo bado yamo ndani yake, basi aanze kumsimulia mtu anayemwamini, hata kidogo kidogo.

Jioni ile nilisikia sauti ya Mzee Bona ukutani, ya chini sana. Ikanyamaza. Ikaanza tena. Mama akanifukuza pale. Kesho yake furushi lilikuwa limefunguliwa, kanga zinaning'inia kwenye kamba. Na ile sauti ya chini tuliendelea kuisikia jioni nyingi, misimu na misimu.

Sasa niko kidato cha tatu. Juzi nilimpelekea mawese, nikamkuta amejilaza barazani, peku, vidole vinapigwa na upepo wa ziwa. Nikamuuliza tena lile swali la viatu.

"Siku ile Uvira nilikimbia peku," akasema, macho kayafumba. "Miiba, vioo. Mwenzangu Gervasi alikatwa unyayo na kioo, akabaki nyuma. Nikaapa nikikimbia tena, nitakuwa nimevaa."

"Na sasa?"

"Sasa shangazi yako amesema siku ya kukimbia, viatu atabeba yeye."