Maji ya Kijani ya Mdogo Wangu

Nilifua mashuka ya hoteli moja ya kando ya ziwa, mjini Gisenyi, kwa miaka minne kabla ya kumtafutia mdogo wangu kazi hapohapo. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi nilimleta, yeye akapewa mabwawa.

Yalikuwa mawili, mapana, ya kina cha goti, yamechimbwa upande wa chini wa bustani yapokee maji machafu ya jikoni na bafuni kabla hayajaingia ziwani. Mzungu mwenye hoteli alitueleza kwamba humo anakuza mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho mmoja mmoja. Ukipata jua unakula uchafu na kuyapa maji hewa, uvundo unakwisha. Kazi ya mdogo wangu ilikuwa kuyakoroga kwa kasia asubuhi na mchana. Basi. Wageni wakampiga picha. Mama yetu akienda sokoni Mahoko anasimulia habari za mwanawe "fundi wa maji". Mimi, mwenye vidole vilivyochubuliwa na sabuni, hakunitaja.

Siku moja wenzangu walipokwenda kula, nilimimina ndoo nzima ya jave, ile dawa ya kung'arisha mashuka, katika bwawa la kwanza. Baada ya siku mbili kijani kilififia, na harufu ikapanda hadi mezani kwa wageni. Mzungu alimpa mdogo wangu wiki moja: maji yapone, au aondoke.

Alinifuata kwenye kamba za nguo, uso umemsawijika. "Kaka, unisaidie. Mi siwezi kubeba ndoo peke yangu."

Tukachota maji ya kijani kutoka bwawa la pili, ndoo kwa ndoo, tukayamwaga katika la kwanza yawe mbegu. Kila asubuhi nilichungulia nikiomba kijani kirudi, na moyoni kidogo nikiomba kisirudi. Siku ya tano kilianza pembeni, kikasambaa.

Nikashindwa kunyamaza. "Ni mimi niliyetia jave."

Aliendelea kukoroga. "Nilijua. Ndoo yako ulisahau hapa. Mi niliirudisha kabla muzungu hajaiona."

Hakumwambia mtu, hata mama. Ningepaswa kushukuru. Badala yake wivu ulinipanda upya, mkali kuliko wa picha: hata moyo wa namna hiyo alipewa yeye. Nikarudi kwenye mashuka yangu.