Bi Batili na Mstari wa Lifti

Yule mama tuliyekuwa tukimwita Bi Batili hakuwa mbaya wa sura wala wa roho. Alikuwa tu na ugonjwa mmoja usio na dawa: aliamini kwamba duniani kuna watu wenye akili na kuna wengine, na kwamba wale wenye akili wote wangetosha kwenye kiti kimoja, na kiti chenyewe alikwisha kukikalia yeye.

Karakana yetu ilikuwa juu ya duka la rangi, na kazi yetu ilikuwa kutengeneza bodi za kuendeshea lifti. Bi Batili aliandika programu ya chini kabisa, ile inayoamka kabla ya nyingine zote umeme unapowashwa. Fundi akishafunga lifti kwenye jengo, huandika mstari mmoja mrefu wa mipangilio: ghorofa ni ngapi, kasi iwe kiasi gani, mlango ubaki wazi kwa muda gani, lifti ianze kupunguza mwendo ikiwa imebakiza umbali gani kufika, na mengine mengi. Programu ya Bi Batili iliusoma mstari huo kutoka kichwa hadi mkia kabla ya kugusa chochote. Ukiwa na kosa hata moja, haikuchukua kitu. Mota ilibaki kimya, na kwenye kioo kidogo cha bodi likatokea neno moja: BATILI.

Kwa hilo simlaumu. Lifti iliyovaa nusu ya mipangilio mipya na nusu ya zamani ni hatari kuliko lifti iliyokufa, na yeye alilijua hilo wakati wengine tulikuwa bado tunajifunza kushika koleo. Ukaguzi wake ulikuwa kazi safi. Tatizo ni kwamba ulikuwa na tabia zake.

Mwenye kampuni alimsihi mara nyingi aongeze maneno machache, fundi ajue kosa liko wapi.

"Nikiwaonyesha kosa watarekebisha hilo moja bila kuelewa," alisema. "Wasome mwongozo."

Mwongozo aliuandika mwenyewe, na sijapata kumwona mtu aliyeufikisha katikati. Akibanwa zaidi, alidai kwamba bodi haina nafasi ya kuhifadhi maneno mengi. Nafasi ilikuwepo tele. Mimi nilikaa meza ya pili kutoka kwake, niliijua bodi ile kama kiganja changu. Lakini nani angebishana naye? Hata ndoa yake ilivunjika hivyohivyo. Mume alimuuliza kwa nini amenuna, naye akamjibu kwamba mwenye akili angejua. Maskini hakujua, akahama. Toka hapo Bi Batili akaishi na mama yake, mjane mwenye ulimi mkali, ambaye ndiye pekee aliyeweza kumkatiza maneno.

Sasa, Bi Batili alikuwa na mdogo wake wa kike, na huyo mdogo aliolewa na fundi wa lifti. Sisi tulimwita Mtanashati. Alikwenda kazini amevaa viatu vyeupe, akinukia marashi, na vipimo vingi alivichukua kwa macho. Alikuwa na maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni, ila baada ya kumtoa asingejua amfanye nini. Kazi aliipata kwa sababu mkewe alimlilia dada yake, na dada mtu akamwombea kwa mwenye kampuni huku amekunja uso kama anayemeza kwinini. Tangu siku hiyo hakuwasamehe, mdogo wala mume.

Ikatokea Mtanashati akapewa kufunga lifti kwenye jengo jipya la ofisi. Ghorofa ya juu kabisa palikuwa na kliniki ya meno. Alifunga kila kitu, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika mstari wake kwa kufuata michoro. Michoro ile ilipimwa kwa mita. Bodi yetu ilitaka sentimita. Penye umbali wa kupunguza mwendo, mahali pa kuandika 150, yeye akaandika 1.5.

BATILI.

Akaandika upya, kwa uangalifu, vilevile kama mwanzo. BATILI. Akabadilisha muda wa mlango, ambao haukuwa na kosa lolote. BATILI. Ndipo akapiga simu. Bi Batili aliiweka simu mezani kwa sauti ya juu ili na sisi tufaidi.

"Shemeji, bodi yako imeninunia."

"Inasemaje?"

"Batili."

"Basi umekosea."

"Nimekosea wapi?"

"Ungejua wapi, usingekosea."

"Basi nikusomee mstari, shemeji. Dakika moja tu."

"Mimi si mwalimu wa chekechea. Mwongozo unao." Akakata. Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Mdogo wangu aliolewa na kiatu."

Alikosea kumdharau? La, mtu yule alistahili. Kosa ni kwamba alimdharau halafu akamwachia lifti.

Kwa maana kwenye bodi ile kulikuwa na swichi ndogo, ndogo kuliko punje ya mchele, ambayo sisi wa karakana tuliitumia kuruka ukaguzi tulipokuwa tunajaribu vipuri mezani. Haikuandikwa popote. Na kwa sababu haikuandikwa popote, mafundi wote waliijua. Mtanashati akaisukuma kwa ncha ya bisibisi, akawasha upya, na programu ikaumeza mstari mzima bila kuutafuna. Ilipofika kwenye 1.5 ikasoma moja, ikakuta nukta, ikaishia hapo. Maana yake lifti iende mbio zake zote, ianze kushika breki ikiwa imebakiza sentimita moja.

Aliijaribu, ndiyo. Aliijaribu kwa mwendo wa kobe, ule ambao fundi hutumia akiwa amesimama juu ya paa la lifti. Kwa mwendo huo kila kitu hupendeza. Kwa mwendo wa kawaida hakuijaribu, kwa sababu njaa ilikuwa inamuuma na alishakwisha kuvua ovaroli.

Kesho yake, badala ya kurudi kumaliza majaribio, alimchukua mama mkwe wake. Bibi yule alikuwa na miadi ya kuwekewa meno ya bandia kwenye ile kliniki, na Mtanashati hakuweza kuiacha nafasi kama hiyo ipite. Mkwe aone alichokifanya. Mkwe akamsimulie yule binti yake anayejiona.

"Mama, hii nimeifunga kwa mikono yangu hii," alimwambia milango ilipojifunga. "Utadhani umekaa juu ya mto."

"Haya, baba," mama mkwe akasema, akashika mkoba wake kifuani.

Lifti ilipanda vizuri. Nambari zikabadilika juu ya mlango, na Mtanashati akawa anazitaja kwa sauti kama anafundisha. Alitaja ile ya mwisho lifti ikiwa bado inakimbia. Ikaipita ghorofa ya juu, ikagonga swichi ya usalama iliyo mwisho wa reli, umeme ukakatika, breki zikauma zote kwa pamoja. Lifti ikasimama. Wao wawili wakaendelea kupanda kidogo, kisha wakarudi chini. Bibi alitangulia kufika sakafuni. Mtanashati akamfuata, akamwangukia mkono.

Mayowe yaliyosikika mpaka barabarani yalikuwa ya Mtanashati. Kilichokuwa kimevunjika ni kifundo cha mkono wa bibi.

"Ondoka juu yangu kwanza," mama mkwe alimwambia gizani, "halafu ndipo ulie."

Mafundi wengine ndio waliokuja kuwatoa, na hao ndio waliotuletea maneno hayo, wakiyarudia kwa raha.

Mwenye kampuni akatuita sote kwenye chumba cha mikutano, ambacho kwa kweli ni stoo yenye meza. Bi Batili aliingia na uso wa mtu aliyekuja kupokea zawadi. Mkono wa mama yake ulikuwa umefungwa plasta, lakini ukaguzi wake ulikuwa umesema kweli, na nilimwona akiyapima hayo mawili moyoni. Mtanashati aliketi pembeni na kibandiko kwenye nyusi.

"Ukaguzi ulimkataza?" mwenye kampuni aliuliza.

"Kila mara," Bi Batili akajibu.

"Ulimwambia nini?"

"Batili."

"Na kwenye simu, wewe ulimwambia nini?"

Mtanashati ndiye aliyejibu, kwa sauti ya yatima: "Aliniambia yeye si mwalimu wa chekechea."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nilidhani bodi ni mbovu, bosi."

"Ukapandisha watu kwenye lifti yenye bodi mbovu."

"Si watu, bosi. Mama mkwe tu."

Mwenye kampuni alivua miwani, akaiweka mezani. Kisha akatoa hukumu. Mtanashati asiguse lifti tena, ahamie mauzo. Bi Batili aiondoe ile swichi kwenye bodi zote zitakazotoka, na aandike kila kosa kwa maneno yanayosomeka, la sivyo atafute kwingine. Bi Batili akasema atatafuta kwingine. Akachukua mkoba wake, akashuka ngazi bila kutuaga.

Nyumbani mama yake alikuwa hawezi kujichana wala kufunga kanga. Yaliyofuata alinisimulia Bi Batili mwenyewe siku nyingi baadaye, bila kunitazama. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama yake na kitana mkononi.

"Hiyo mashine yako," mama alisema, "ilijua kosa liko kwenye namba ipi?"

"Ilijua."

"Ikanyamaza."

"Haikunyamaza, mama. Ilisema batili."

Mama akacheka kwa pua. "Ndivyo ulivyokuwa ukimjibu mdogo wako alipokuwa anakuletea hesabu zake. Umekosa, rudia. Umekosa, rudia. Kosa lenyewe humwonyeshi. Mpaka akaacha kuuliza, akaacha na shule, akajiozesha kwa huyo bwana wa viatu vyeupe. Halafu unamcheka." Akatikisa bega. "Chana, basi. Usinivute."

Bi Batili alichana. Aliniambia kwamba alichana taratibu mpaka mwisho, kisha akamfunga mama yake kanga.

Wiki iliyofuata alirudi kazini kama vile hakuwahi kuondoka. Akaandika. Sasa fundi akiweka 1.5, kioo kilimwambia: "Umbali wa kupunguza mwendo huandikwa kwa sentimita, namba nzima, 80 hadi 300. Umeandika 1.5. Hiyo ni mita." Mwanzoni aliongeza mwishoni "kama hujui tofauti, shuka," na mwenye kampuni akamfutisha. Kila kosa lilipata maneno yake, na hakuna chochote kilichowekwa mpaka mstari mzima uwe sawa, vilevile kama zamani.

Simu ya mezani kwake ikaacha kulia. Mafundi walisoma kioo, wakasahihisha, wakaendelea na kazi. Ungetarajia afurahi. Alikuwa akiitupia simu ile jicho kila baada ya muda, na asubuhi moja nilimwona akiinyanyua kusikiliza kama bado ina mlio.

Mtanashati, huko mauzoni, alistawi kama magugu. Siku moja alileta wateja karakanani, akawasimamisha mbele ya bodi, akaandika kosa makusudi ili waone maneno yanavyotokea.

"Bodi nyingine zinakutukana tu," aliwaeleza. "Hii inakueleza kwa upole. Nililipigania sana jambo hili, wazee. Liligharimu hata mkono wa mama mkwe wangu."

Bi Batili alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Alifungua mdomo, nasi tukaacha tulichokuwa tunafanya ili tusikose. Akaufunga. Akarudi kwenye meza yake, akaketi, akanywa chai yake yote huku wateja wakiuliza bei.