Walivyoniposea Chuo cha Kompyuta

Kwetu Ngoingwa, kando ya mji wa Thika, mtoto hapelekwi chuo na mtu mmoja, kama vile kijana haendi kuposa peke yake. Panaundwa ujumbe. Wangu ulikuwa wa watu watatu: baba yangu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo pale Eneo la Viwanda; baba mkubwa, yaani kakake baba, karani aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kutoa amri; na mjomba wangu wa mtaa wa Kahawa Sukari. Huyu mjomba alijihesabu msomi kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na chuo kikuu cha serikali. Alisema "sisi watu wa chuo" bila haya, ilhali chuo chenyewe alikijulia langoni, alipokwenda kutafuta wanafunzi wa kupangisha vyumba vyake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na gredi ya kupigiwa makofi kanisani, lakini haikutosha kunifikisha chuo kikuu cha serikali. Nami nilitaka digrii ya kompyuta. Wazee waliitaka kwa sababu walisikia ina kazi. Mimi niliitaka kwa sababu shuleni nilimwona mwalimu wetu wa hisabati akiandika mistari mitatu kwenye mashine, ikamwaga jedwali zima la kuzidisha, na tangu siku hiyo sikutulia. Nilitaka kujua mistari ile ilisema nini.

Vilibaki vyuo viwili. Cha Thika mjini kilikuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa, na kiliahidi digrii ya ng'ambo kwa miaka miwili bila mtu kutoka Thika. Cha Ruiru kilifundisha miaka miwili, halafu mwanafunzi akavuka kumalizia chuo kikuu, kama amefaulu. Hiyo "kama" baba mkubwa hakuipenda tangu mwanzo. Kile cha Thika hakikuwa na "kama" popote, na mabango yake yalikuwa kwenye kila nguzo ya stima. Kibaya chajitembeza, lakini ujumbe wangu haukukumbuka methali siku hiyo.

Tulikwenda Jumanne. Wazee walivaa suti za harusi, na baba mkubwa alichukua fimbo aliyokuwa akiitumia kwa posa tu. Mkuu wa chuo alitupokea mlangoni akiwa na tai nyekundu, akatuomba tuvue viatu. Alieleza kwamba viatu huleta vumbi, na vumbi ndilo huleta virusi vya kompyuta. Baba mkubwa alitikisa kichwa kama mtu aliyewahi kuugua ugonjwa huo, akavua. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilitoka nje kikasimama juu ya zulia la kijani wakati mwenyewe akiuliza maswali kuhusu hadhi.

Chumba kilikuwa na mashine kumi na mbili, kila moja imefunikwa kitambaa cha krosheti, kama viti vya sebule zetu zote siku ya wageni. Mjomba alivigusa vile vitambaa kwa upole, akasema ni mahali safi. Kisha tukaletewa chai ya maziwa, mkate wa siagi, na mayai ya kuchemsha. Niliona jambo moja, nami nalisema wazi ili msije mkanihurumia baadaye: hakukuwa na mashine hata moja iliyowashwa. Niliona, nikala yai langu.

Alasiri tulikuwa Ruiru. Chuo kilikuwa ghala la zamani la kahawa, sakafu ni simiti tupu, na hatukuambiwa tuvue chochote. Mwalimu alikuja amevaa makubadhi, bisibisi mkononi, akatusalimia haraka kwa sababu nyuma yake wanafunzi watano walikuwa wamezunguka mashine iliyofunuliwa, nyaya nje. Nyingine mbili zilikuwa wazi vilevile. Mjomba aliuliza, kwa sauti yake ya chuo, ni ngapi zinafanya kazi.

"Zote," mwalimu akajibu. "Lakini si kila siku."

Chai haikuja. Mwalimu hakuwauliza wazee chochote. Alinigeukia mimi, akanipa karatasi yenye mistari mitano ya programu, akanieleza kila mstari unaamuru nini, kisha akataka nimwambie mashine itaandika nini mwisho wake. Nilifikiri, nikajibu kwa kujiamini, mbele ya suti tatu za harusi.

"Hapana," akasema. "Lakini umekosea vizuri. Kuja Monday nikuonyeshe mahali umepotea."

Leo najua kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kunipa sifa kubwa kuliko ile. Siku hiyo nilisikia "hapana" tu. Masikio yaliniwaka moto. Nilikuwa msichana wa kushika namba moja darasani tangu la nne, na mtu wa makubadhi ananiambia hapana mbele ya mjomba wa Kahawa Sukari! Nilimchukia njia nzima, na tulipofika nyumbani nilikuwa bado namchukia.

Jioni ujumbe uliketi. Baba mkubwa alisema mtu hawezi kufundisha kwa mashine zilizotolewa matumbo, maana hata hospitali wanashona kabla ya kukuonyesha mgonjwa. Mjomba alisema hakuona tai hata moja Ruiru. Walilinganisha mayai na kukosa mayai kwa muda mrefu kuliko walivyolinganisha masomo. Baba alikoroga chai yake na hakusema kitu. Kakake alikuwa amekwisha kusema, na kwetu mdogo hamrudishi mkubwa mbele ya watu.

Lakini kuna jambo ambalo wazee wetu hawaliruki. Siku ya posa, kabla pombe haijaguswa, binti huitwa akaulizwa mbele ya wote kama inywewe. Akikataa, imekwisha, hata kama wakwe wametoka mbali. Baba mkubwa, ambaye aliendesha kila kitu kwa desturi hiyo moja, aliniita nikasimama katikati ya sebule.

"Sasa wewe ndiyo wa kusema," akaniambia. "Tuchukue hiyo ya Thika ama tusichukue?"

Baba aliacha kukoroga, akaniangalia.

"Tuchukue," nikasema.

Ya miaka miwili iliyofuata nitayasema kwa ufupi, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa. Muhula wa kwanza tulichora kompyuta kwa penseli na kuandika majina ya sehemu zake. Muhula wa pili tulipewa kibodi iliyochorwa kwenye karatasi ya manila, tukaipapasa mezani mpaka wino ukafutika. Vitambaa vilitolewa Ijumaa tu, wanafunzi wanne kwa mashine moja, nasi tulijifunza kuandika barua ya kuomba kazi. Nilimuuliza mkuu ni lini tutaandika programu. Alinijibu kwamba programu zimekwisha kuandikwa na wenye akili zao, sisi kazi yetu ni kuzitumia. Siku ya mahafali alivaa joho, akatugawia digrii zenye muhuri wa dhahabu ulioambukiza vidole rangi.

Nilipeleka yangu kiwanda kimoja pale Eneo la Viwanda. Nilipofika kwenye mlango wa chumba cha kompyuta nilivua viatu. Sikufikiri, miguu ilivua yenyewe. Vijana waliokuwa ndani, wote na viatu vyao, walitazamana, kisha mmoja akaniuliza kwa heshima kama mimi ni Muislamu na kama nilikuwa natafuta msikiti. Meneja aliisoma digrii, akaigeuza nyuma, akaniambia chuo hicho hakijulikani popote. Alisema pole. Niliwachukia wote, pamoja na pole yake.

Jumapili baada ya kanisa nilimkuta baba uani akisafisha taa ya mafuta. Nilimwaga dharau yote niliyokuwa nayo: kwa kakake na soksi yake, kwa mjomba na vyumba vyake vya kupangisha, kwa mtu wa tai nyekundu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Baba huniita maitu, yaani mama yetu, kwa kuwa nina jina la mamake.

"Maitu," akasema, "mimi nilipenda ile ya Ruiru. Kwa kiwanda, mashine yenye haifunguliwi ni ile ilikufa."

Nikamuuliza, kwa hasira, kwa nini basi alinyamaza.

"Ningesema nini, na ndugu yangu ameshasema? Mimi sikuulizwa. Ni wewe uliulizwa. Nilikuwa nangojea wewe."

Akaendelea kupangusa taa. Baba mkubwa na mjomba nimewacheka miaka mingi na bado nawacheka, maana wanastahili. Lakini wao walidanganywa na mayai. Mimi niliona mashine zimezimwa, nilikuwa na neno ambalo mzee yeyote pale asingeweza kulipinga, na nikalitumia kumkomoa mtu mmoja wa Ruiru aliyeniambia nimekosea.