Kitabu cha Profesa

Mtaani walimwita Profesa, na mwenyewe hakuona kejeli yoyote. Alikuwa karani mstaafu wa bohari la saruji. Bosi wake mmoja, alipohama, alimwachia riwaya ya Kiingereza, toleo la kale lenye jalada la ngozi, inayosimulia akina dada wa nyumba kubwa wanaotafuta waume huku wakinywa chai. Tangu hapo mtu akawa hashikiki.

Kitabu kilikaa kwenye kabati la kioo, na kila mtu alipimwa nacho. Jirani akicheka kwa sauti, hana adabu za kitabuni. Mkewe akipuliza chai, "Kitabuni hawapulizi." Mkewe alipuliza tu, maana chai ilikuwa ya moto.

Siku moja, akipangusa vumbi, mke alikifungua akaona kurasa bado zimeungana ukingoni, kama zilivyotoka kiwandani. Zamani msomaji alizikata mwenyewe kwa kisu. Hapa hakuna aliyekata hata moja. Alimdharau mumewe kimoyomoyo, lakini akamsitiri.

Ndipo fundi bomba alipokuja na shangazi yake kumposa binti yao. Kijana mpole, na binti alikuwa amempenda hadi kukonda. Profesa alikipakata kitabu chake.

"Umewahi kukisoma hiki?"

"Hapana, mzee."

"Basi binti yangu utamwambia nini jioni? Habari za mabomba? Simtoi kwa mtu asiyesoma."

Binti aliinamisha uso, machozi yakidondokea mapajani. Hapo mama yake alichoka kusitiri. Alikwenda jikoni, akarudi na kisu cha vitunguu, akakiweka mezani.

"Baba watoto, tusomee. Ila kata kurasa kwanza, zimeshikana zote."

Shangazi alinyoosha shingo, akaona. Profesa alikikumbatia kitabu.

"Kikikatwa kinapoteza thamani!"

"Na huyu je, anayelia?"

Profesa alimtazama binti, akatazama kisu, kisha akazidi kukibana kitabu kifuani. Mkewe aliona alichochagua, na hasira yote ikamtoka. Ikabaki dharau tupu. Aligeuza kiti chake, akampa mgongo.

"Shangazi, mimi mama yake nimekubali. Tuzungumze."

Wakazungumza, wakacheka, binti akafuta uso. Baadaye kidogo, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, Profesa aliuliza harusi ni lini. Hakuna aliyegeuka.