Skrubu za Swichi ya Bekari

Zama zile za jeshi, Kampala, kitu cha umeme kikiungua hakikuitwa ajali. Kiliitwa hujuma, na fundi aliyekigusa mwisho alipelekwa gereza la Luzira, akiwa na bahati.

Mimi nilikuwa fundi umeme. Kapteni mmoja alikuwa amepewa bekari chini ya kilima cha Kibuli, wenyewe wakiwa wamefukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine. Aliniita kwa sababu nilikaa karibu. Bekari ilikuwa na tanuri moja la umeme. Yeye alileta la pili, akataka yote mawili yawake kabla ya sikukuu ya Idi. Waya alileta mwenyewe, roli zima, jipya, limeandikwa kuwa linavumilia joto la nyuzi tisini.

Waya ulikuwa mzuri, sina la kusema. Kwa joto hilo ungebeba ampea arobaini, na matanuri mawili yalitaka thelathini na sita. Asiyejua angefunga akaenda kunywa chai. Mimi nilifungua swichi kuu, nikawasha tochi, nikasoma herufi ndogo zilizopigwa kando ya skrubu za kubania waya: sitini. Joto la waya huingia kwenye skrubu iliyoubana, na moto huanzia hapo. Kwa hiyo fundi huhesabu kwa kile kinachovumilia kidogo, na kwa sitini waya ule haukupita ampea thelathini. Ulitakiwa mnene zaidi, ambao kwa mzigo uleule haupati joto sana.

Nikamweleza hayo kapteni, polepole.

"Wewe fundi, hii waya ni ya jeshi," akasema. "Unasema jeshi iko na waya mubaya?"

"Hapana, afande. Waya iko muzuri sana."

"Basi funga."

Nikafunga. Watu wanaodai leo kwamba wao wangekataa hunikera sana, hawakuwepo. Lakini kabla ya kuwasha nilidondosha nta ya mshumaa juu ya kila skrubu, ikaganda. Ndivyo tulivyopima sisi tusio na kipimajoto, maana nta ya mshumaa huyeyuka karibu na nyuzi sitini. Nikafunga kifuniko, nikawasha matanuri yote mawili, nikamwomba kapteni asubiri nami. Akakaa juu ya gunia la unga, bastola mapajani. Baada ya nusu saa nilizima umeme, nikafungua, nikammulikia. Nta ilikuwa imetiririka hadi chini ya kisanduku.

Akanigeukia.

"Nani alifunga hii swichi?"

Niliifunga mimi, nikiwa chini ya Mhindi aliyenifundisha kazi. Yeye ndiye aliyenishika kichwa siku moja akanielekeza macho kwenye herufi zile: soma hapa kwanza, waya baadaye. Tuliifunga kwa ajili ya tanuri moja, na kwa tanuri moja haikuwa na kasoro.

"Muhindi, afande," nikasema. "Aliweka skrubu mubaya makusudi. Sasa inataka waya nene, kushinda ujanja yake."

Kapteni akapiga paja. "Nilijua! Hawa watu!" Alifurahi kweli, na waya mnene ukapatikana kesho yake.

Njiani kurudi nyumbani nilijiambia simdhuru mtu. Mwalimu wangu alikuwa Uingereza, amevaa makoti mawili, na asiyekuwapo na lake halipo. Usingizi ulikuja vizuri, nakumbuka, na hilo ndilo linaloniudhi.

Kesho yake nilifunga waya mnene, nikapima tena. Nta haikusogea. Kapteni akawakusanya waokaji wote mbele ya swichi, akanisukuma begani. "Waambie ile Muhindi alifanya nini."

Nikawaambia, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwokaji mmoja mzee, Mkongo aliyekuwa hapo tangu enzi za wenye bekari, aliweka chini sinia lake.

"Ni ule muzee mwenye alikuwa ananitengenezea redio bule?"

Kapteni alikuwa ananitazama. Nikasema, "Huyo huyo."

Mzee akaniangalia, kisha akaangalia skrubu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Hakuwa na sababu ya kunitilia shaka. Alijua nilifanya kazi na mtu yule miaka sita.