Pipa la Chambo

Nyumbani kwetu Utange, kwenye ua wa nyuma, ndipo nilipolikata lile pipa la plastiki. Nilikuwa nimechoka kufika baharini panapopita nguru nikiwa na vibua wa chambo waliokwisha kufa. Nguru hutaka chambo kinachocheza. Nikaamua kutengeneza tangi dogo la kukaa ndani ya mashua yangu, maji yakizunguka humo, vibua wafike wazima.

Mke wangu alikuwa akinitazama kutoka mkekani, ameegemea mito. Moyo wake ulikuwa umevimba, daktari alishatuambia. Hata kwenda bombani kulimkata pumzi.

Nilitoboa tundu la kutolea maji, nikaziba pembeni kwa gundi, nikaweka chini pampu ndogo ya kutumia betri ya pikipiki. Nikatia vibua. Alasiri walikuwa wanaelea wote.

"Maji yamechafuka," nikasema.

"Si maji, mume wangu. Wamekosa pumzi. Hukuwaona walivyopanda juu wakipanua midomo? Mimi nikilala chali huwa vivyo hivyo. Inua mpira wa pampu, maji yaanguke kutoka juu, yashuke na hewa."

Nikauinua, nikautoboa matundu madogo, maji yakamwagika kama manyunyu. Nikatafuta vibua wengine. Kesho yake walikuwa wakizunguka pipani, wepesi kama wako baharini. Mke wangu alicheka mpaka akakohoa.

"Jumamosi unipeleke, nami nikaone likifanya kazi," akasema.

Jumamosi ilimkuta hospitalini. Alikuwa na mrija wa oksijeni puani, na kando ya kitanda kichupa cha maji kikitoa mapovu. Akakisikiliza, akanishika mkono.

"Kama kule uani," akasema.

Alfajiri yake nikapigiwa simu.

Tulimzika kwao, Kaloleni. Niliporudi, harufu ilinipokea kabla sijafungua mlango wa uani. Betri ilikuwa imekwisha. Wale vibua sikuwa nimewakumbuka hata mara moja. Nikaketi chini kando ya pipa, na hapo ndipo nilipolia. Kaburini sikulia.

Mama mkwe, niliyekuwa nimerudi naye, alijifunga leso kiunoni, akachukua ndoo.

"Nikalitupe hili, mwanangu?"

"Hapana, mama. Alinisaidia kulitengeneza."

Basi akaliosha mwenyewe, kwa sabuni na majivu, akilisugua ndani na nje hata pale palipokwisha kung'aa.

Sasa nimelifunga mashuani. Vibua hufika wazima, na nguru nawapata. Wavuvi wenzangu huniuliza nilijifunza wapi. Nami huwaambia nilifundishwa na mke wangu.

Mama mkwe hajarudi kwao. Jioni hunitengea sima na samaki, huketi mbele yangu, na hatii tonge kinywani mpaka aone nimemeza.