Siku Mama Alipoitwa Skuli

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikikaa peke yangu hapa Mkunazini hunijia bila kuitwa. Ni siku mama yangu alipovuka kutoka kisiwani Tumbatu, akashuka Mkokotoni, akapanda gari mpaka hapa mjini, kwa sababu skuli yangu ilimtaka. Nakuhadithia wewe kwa kuwa juzi, ulipokuja kunipa habari njema kwamba umepewa ualimu mkuu huko Kiwengwa, uliniambia jambo kwa kupita tu huku unakunywa chai. Ulisema wapo watoto wa kidato cha pili wasiofungua mdomo kwa Kiingereza, na unafikiria kuwatoa kabla ya mtihani wasije wakaishusha skuli. Nilinyamaza, nawe ukadhani nimekubali. Sikukubali. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Mimi ni mzaliwa wa Tumbatu, hilo unalijua. Nyumbani tulisema Kitumbatu. Kiswahili cha vitabuni nilikikuta skuli ya msingi, nikakizoea, lakini hata leo nikikasirika lafudhi ya kwetu hunitoka na wajukuu wakapata cha kuchekea. Nilipofaulu nililetwa mjini kwa shangazi yangu kuanza sekondari. Siku ya kwanza mwalimu wa sayansi aliingia, akatusalimia kwa Kiingereza, na hakukiacha mpaka kengele ikalia. Nilitazama kulia na kushoto. Wenzangu wa mjini nao wengi hawakufahamu kitu, ila wao walijua kutikisa kichwa kama wanaofahamu. Mimi hata hilo sikulijua.

Mwalimu huyo akiitwa Haroub. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi, na alikuwa na desturi yake: ukiulizwa swali ukakosa kujibu, unabaki umesimama mpaka kipindi kiishe. Basi mwenzako sayansi niliisoma kwa miguu. Akiuliza kwa nini chumvi hupotea ndani ya maji na ladha yake ikabaki, jibu nilikuwa nalo, tena kwa lugha mbili, lakini yeye alilitaka kwa ya tatu. Kimya changu akakiona ujinga. Na lililo baya zaidi, kidogo kidogo na mimi nikaanza kuamini kwamba ni mjinga.

Ndipo mama akaitwa. Alikuja na buibui lake la kwendea harusini, na kikapu cha pweza mkavu kwa ajili ya walimu, maana kwetu huendi kwa watu mikono mitupu. Tukaingizwa katika chumba cha mwalimu mkuu, Bi Thuwaiba. Huyu alikuwa mwanamke mfupi wa mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini, asiyekuwa na mchezo. Tukisikia viatu vyake ukumbini, hata wasiokuwa na kosa walijiweka sawa. Nilipomwona ameketi pale nilijua yangu yamekwisha.

Mama alikaribishwa kiti. Mwalimu Haroub akaanza kueleza habari zangu, na akazieleza kwa Kiingereza. Alizungumza na Bi Thuwaiba, mimi nimesimama, na mama yangu anamwangalia mdomo huku akitabasamu kwa adabu. Alidhani mwanawe anasifiwa. Tabasamu lile, mwanangu, linaniuma mpaka leo nikilikumbuka.

Bi Thuwaiba alinyanyua mkono.

"Haroub, huyu ndo mama yake. Anza upya, useme kwa lugha anayoifahamu."

Akaanza upya, na safari hii maneno hayakumtoka kwa wepesi ule. Alikuwa akitazama chini. Alisema mtoto ana heshima zake lakini hasemi darasani, mtihani ni wa Kiingereza, atafeli na ataaibika, na ingekuwa bora arejee kwao mapema akajifunze kushona. Usimchukie kwa hilo. Aliamini kwa dhati kuwa ananihurumia, na watu wa aina hiyo ndio wagumu kuwakatalia.

Mama akajibu, taratibu, kama mtu anayeomba radhi kwa kusema.

"Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini huyu akija likizo huwakalisha wadogo zake uani, akawasomesha hayo mnayomsomesha nyinyi. Juzi kawaeleza damu inavyokwenda mwilini. Mimi nilikuwa nnachagua mchele, nkasikiliza, na nkafahamu. Sasa ikiwa hajui, hayo kayatoa wapi?"

Bi Thuwaiba akanigeukia, akaniambia nieleze damu inavyokwenda, kwa lugha yoyote niipendayo. Nikaanza kwa Kiswahili, katikati nikatumbukia katika Kitumbatu, nikatoka, nikaendelea. Nilipofika kwenye mapafu nilikosea, na Mwalimu Haroub akanisahihisha, naye kwa Kiswahili. Nikamuuliza swali. Akanijibu. Tukaendelea hivyo mimi na yeye, mpaka tukakumbuka kwamba hatuko peke yetu.

Bi Thuwaiba akamuuliza Haroub chuo cha Kurani alisomea wapi. Akasema hapa hapa mjini. Siku alipopelekwa na baba yake, je, alikuwa anajua Kiarabu? Hakujua hata neno. Na mwalimu wake alimrudisha nyumbani kwa kutojua? La, alisomeshwa, na palipohitaji kufasiriwa akafasiriwa, mpaka akahitimu.

"Basi na huyu atafasiriwa," akasema Bi Thuwaiba. Kisha akanikazia macho mimi. "Na wewe usichekelee. Kiingereza utakisoma mpaka ukiweze. Sikubakishi hapa ukae bubu."

Kikapu cha pweza Bi Thuwaiba alikipokea kwa mikono miwili, akamuuliza mama pweza huyo anapikwaje. Mama alirudi Tumbatu akiwa na furaha ambayo sijui hata niielezeje.

Tangu hapo, baada ya sala ya alasiri, sisi tuliokuwa nyuma tulibaki darasani. Mwalimu Haroub alitusomesha kwa Kiswahili mpaka tufahamu, halafu somo lile lile kwa Kiingereza mpaka tuweze kulisema wenyewe. Hakumsimamisha mtu tena. Lakini maneno yalifika kwa wakubwa wa elimu, na Bi Thuwaiba akaitwa kujieleza. Akaambiwa anavunja utaratibu. Akawataka wao waubadilishe utaratibu, wakamkatalia, akarejea skuli na akaendelea. Akaitwa tena. Sisi wakati huo hatukuambiwa lolote. Tulimwona tu akitoka asubuhi na kurudi adhuhuri amekunja uso, kisha anapita madarasani kuuliza nani hajafahamu.

Mwisho wa mwaka alihamishwa, akapelekwa skuli ndogo ya shamba upande wa Jozani. Wenye maneno yao walisema ameshushwa. Siku ya kuaga nilimfuata mpaka langoni, nalia kwa sauti bila kuona haya.

"Wewe umefukuzwa?" akaniuliza.

"Sijafukuzwa, Mwalimu."

"Basi nliyoyataka yamekuwa. Nenda darasani."

Nikaenda. Nilisoma, nikafaulu, nikaja kuwa mwalimu wa sayansi, na hayo mengine umeyashuhudia mwenyewe maana mimi ndiye niliyekusomesha.

Sasa nisikilize vizuri. Usiwatoe watoto wale. Kabla ya kusema mtoto hajui, kaa naye, muulize kwa lugha ya kwao, uone anacho nini kichwani. Waite wazazi wao, na wakija usizungumze juu ya mtoto wao kwa lugha wasiyoifahamu. Wengine watakuja wamechoka kutoka kazini mahotelini na kwenye kilimo cha mwani, uwasubiri. Na Kiingereza usiwanyime kwa jina la huruma. Nimewaona waheshimiwa wakisimama jukwaani kusema watoto wa wenzao Kiswahili kinawatosha, na wa kwao wamewapeleka skuli za kulipia. Wape vyote viwili. Wape walimu wako nafasi ya kufasiri bila ya kuogopa, na mkaguzi akiuliza, mwambie wewe ndiye uliyewaruhusu.

Halafu nenda kwa wakubwa ukawaombee watoto hao, kwa adabu, na wakikukatalia urudi tena. Sikufichi, huenda ukachukiwa, huenda hata cheo hiki kipya ulichokifurahia kikakutoka. Lakini skuli iliyoshuka mwaka huu mwakani unaweza kuipandisha. Mtoto uliyemrudisha nyumbani huna hakika kama yuko wa kumrejesha. Mimi nilikuwa naye Bi Thuwaiba. Wale watoto wa Kiwengwa, mwanangu, wana wewe tu.

Mwenyezi Mungu akikunjue kifua chako, akupe kauli njema mbele ya wakubwa na subira mbele ya wadogo, na kila mtoto utakayembakisha darasani amjaalie kuwa dua yako siku utakapokuwa huna tena mwengine wa kukuombea. Amin.